Landrova Inayopumulia Juu

Sura ya Saba

Heshima yote ya cheo aliiacha nje ya boneti. Inspekta Dafroza Werema alikuwa amezamisha kichwa na mabega ndani ya injini ya Landrova pikapu, kitambaa chake cha kichwa kimeshalamba oili, na nusu ya kijiji cha Mugeta imekuja kumtazama. Hakujali. Tangu atoke Musoma alfajiri moyo ulikuwa unamdunda kwa hamu ya kuiona mashine hii kwa macho yake, na sasa alikuwa akiiona.

“Eleza tena, fundi,” alisema kutoka humo ndani. “Polepole, kama unamweleza mtoto.”

Fundi Lukas hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa na gereji yake Iringo, mjini Musoma, polisi walikuwa wamemwita aje kuieleza kazi yake, na alisimama kifua mbele kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Alilipiga bomba kwa kiganja. Lilikuwa bomba la chuma, zamani eksozi ya trekta, limetokea ubavuni mwa boneti, likapanda kando ya kioo mpaka juu ya paa, na huko juu likavishwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu.

“Afande, gari zote za hapa zinapumuliaga chini, humu humu kwenye boneti,” alisema. “Kiangazi zinakula vumbi, masika zinakunywa maji. Injini ikila vumbi inazeeka. Ikinywa maji inakufa palepale. Sasa mimi nikasema hii nitaipa pua ya juu. Hewa inaingilia kwenye paa, inateremka na bomba, inapita kwenye klina inachujwa, ndiyo inaingia kwenye injini. Maji yafike mpaka boneti, yenyewe inapumua tu.”

“Na chujio lenyewe ulilipata wapi?”

“Chujio! Mwaka ule sabuni ya kuogea hakuna, utapata chujio? Nilitoa waya zote zilizooza, nikashindilia katani, chini kwenye bakuli nikamimina oili. Vumbi likija linanasa. Hii ni dizeli ya mwaka sitini na nane, afande. Mzungu aliyeiunda akiiona leo atalia.”

Watu wakacheka. Dafroza naye akacheka, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri kweli na yeye, aliyewahi kuwa dereva wa polisi kabla ya kuvaa nyota, alijua kuitambua.

“Umeshatengeneza ngapi za namna hii?”

“Hii peke yake. Zunguka Bunda, Butiama, mkoa mzima wa Mara, hutaona nyingine.”

Koplo Mbwana, kijana wa Pangani ambaye hajamaliza hata mwaka tangu ahamishiwe kituo cha Bunda, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Injini ya mashine ya kusaga ya kijiji iling'olewa usiku wa mvua kubwa. Barabara ya kwenda Bunda ilikuwa imefungwa kwa gogo, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanailinda, nao waliapa kwamba hakikupita kitu. Ilibaki njia moja tu, ya kwenda Butiama, na hiyo inakatwa na korongo la Mhunda ambalo usiku ule lilikuwa limefurika. Gari la kawaida lingefia katikati. Gari pekee lenye pua ya juu lilikuwa hili, la Boniphace. Basi Boniphace akachukuliwa kwake asubuhi, bado anapiga mswaki, na sasa yuko mahabusu Bunda.

Jumatatu atasomewa mashitaka ya uhujumu uchumi. Mali ya kijiji si mchezo, dhamana asiote, na miaka yake jela itakuwa mingi. Mkuu wa kituo alimwambia Dafroza waziwazi: kama una kitu cha kubadili mawazo yangu, kilete kabla ya Jumatatu, la sivyo faili linakwenda. Leo ilikuwa Jumamosi.

“Shemeji, karibu uji,” Susana aliita kutoka jikoni.

Susana ndiye mke wa Boniphace. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi lakini mgeni hakuachwa na njaa nyumbani kwake, sembuse Lukas, aliyemsimamia mtoto wao wa kwanza ubatizo. Lukas alifuta mikono kwenye suruali na kuingia ndani, na kundi kubwa la watazamaji likamfuata mlangoni ili liendelee kusikia sifa zake.

Dafroza alingoja mpaka mlango umemmeza. Kisha akashika spana.

“Koplo, njoo hapa. Susana, na wewe njoo, shika hili bakuli lisimwagike.”

Alilegeza bakuli la chini la klina na kulishusha kwa mikono miwili. Mbwana alichungulia, akakunja pua. Ile iliyokuwa oili ilikuwa imegeuka tope zito jekundu jeusi, na juu yake katani imekauka na kugandamana kwa vumbi, ukiigonga inatoa sauti.

“Chafu,” alisema Mbwana.

“Chafu sana!” alisema Dafroza, na furaha ikampanda mpaka kooni. “Sasa weka mkono wako pale bomba linapoingia kwenye klina. Upande wa chini, usioonekana.”

Mahali pale Lukas alikuwa ameunganisha chuma na chuma kwa kipande cha tyubu ya tairi la lori, kilichokazwa kwa kamba za mpira kama watu wanavyofunga mzigo kwenye baiskeli. Mbwana alipapasa. Uso wake ukabadilika.

“Mpira umepasuka. Kidole changu kinaingia.”

“Kingo zake zikoje?”

“Ngumu. Zina... zina vumbi. Limeganda na oili, halitoki.”

“Susana, mvua zimeanza lini huku?”

“Si juzi tu, afande? Mvua ya kwanza ndiyo hiyo ya usiku wa wizi. Kabla ya hapo ilikuwa jua, ng'ombe wanakufa, vumbi mpaka kwenye mboga.”

“Umesikia, koplo? Vumbi limeganda kwenye ufa. Ufa ni wa kiangazi, kabla hata tone moja halijaanguka. Sasa niambie: gari hili likiingia kwenye korongo lililofurika, maji yanapita wapi?”

Mbwana alitazama ufa, akatazama bakuli. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu.

“Yanaingia hapa. Yanajaa bakuli.”

“Oili inaelea, inamwagika, inayobaki inakuwa nyeupe kama maziwa. Katani inaoshwa. Na hii katani, tangu ishindiliwe humu haijaona maji hata ya kunawa!” Dafroza alipiga ubavu wa gari kwa kiganja. “Hili gari halikuvuka, Mbwana. Lina pua ya juu, sawa, lakini koo limetoboka.”

Susana alilivuta bakuli karibu na kifua, tone lisimwagike.

“Lakini afande,” alisema Mbwana, “yuko shahidi. Bibi Gati aliliona gari la Boniphace likivuka. Nilimhoji mimi mwenyewe, kwa masikio yangu mawili.”

“Basi twende na masikio yako yote mawili,” alisema Dafroza, akalichukua bakuli na kulikaza tena mahali pake.

* * *

Bibi Gati aliishi jirani kabisa na korongo, hata ukikohoa ng'ambo anakuitikia pole. Walimkuta anapepeta mtama. Chini kule maji ya kahawia yalikuwa yanakwenda kwa kishindo, kwa maana mvua ya jana jioni ilikuwa imelijaza korongo upya.

“Shikamoo, bibi,” alisema Dafroza, akachuchumaa.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na huyu mtoto wa maswali?”

“Nimekuja naye. Bibi, usiku ule mashine ilipoibwa, gari gani ilivuka hapa?”

“Nitajuaje? Ilikuwa giza, mvua inapiga. Niliona taa, nikasikia mngurumo, nikajifunika blanketi.”

Mbwana aliruka kana kwamba ameumwa na siafu. “Bibi! Mimi nilikuuliza gari gani lilivuka, ukaniambia la Boniphace!”

“Sikusema hivyo.”

“Ulisema, ‘Ya Boniphace inavuka.’”

“Nilisema *inavukaga*.” Bibi Gati aliuweka ungo chini. “Wewe uliniuliza gari gani hapa, nikakwambia ya Boniphace inavukaga. Inavukaga! Siku zote, akienda mnadani, akipeleka mahindi. Mimi nilijibu vizuri, wewe ndiyo ukaandika na kuondoka.”

“Nilidhani hiyo ‘ga’ ni...” Mbwana alitafuta neno. “Ni mapambo tu. Huku kila mtu anaiweka mwisho wa kila kitu.”

“Mapambo!” Dafroza alishindwa kabisa kujizuia, akacheka mpaka akashika magoti. Kicheko kilipoisha alijiona amekasirika, kwa sababu mtu alikuwa amelala mahabusu kwa silabi moja. “Kwenu Pangani mnasema ‘huvuka’. Huku tunasema ‘inavukaga’. Ni jambo la kila siku, koplo, si la usiku ule. Bibi alikuambia njia ya Boniphace, wewe ukampa kosa.”

Mbwana alivua kofia yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. “Nisamehe, bibi,” alisema, na alimaanisha.

“Usiniombe mimi, kamuombe Boniphace. Halafu sikiliza, na hii nayo uiandike vizuri. Gari ya Boniphace inapigaga mluzi. Toka kiangazi, ikipita hapa unasikia fyuuu, fyuuu, mpaka mbwa wanabweka. Ile ya usiku haikupiga mluzi. Ilinguruma tu, tena nzito.”

Dafroza alisimama. Mluzi ulikuwa ufa, hewa inanyonywa pembeni. Gari lililovuka lilikuwa jingine, na ili livuke lilihitaji nalo pua ya juu, isiyo na ufa. Nani anajua kuitengeneza? Mtu mmoja tu mkoa mzima, na mtu huyo amemwambia asubuhi hii, mbele ya kijiji, kwamba ametengeneza moja peke yake.

“Tumkamate?” alinong'ona Mbwana.

“Kwa lipi? Atasema ufa ni mdogo, gari linavuka hivyo hivyo. Yeye ndiye fundi, mimi ni mwanamke mwenye spana. Mkuu wako wa kituo atamwamini nani?” Alitazama maji. “Yule mtu hatishiki, Mbwana. Lakini anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda kula. Tutamsifu.”

* * *

Kabla ya kufanya lolote alimvuta Susana nyuma ya nyumba.

“Nataka gari liingie korongoni leo, na fundi akiliendesha. Litakunywa maji. Naamini atawahi kulizima, mkono wa fundi hauwezi kuacha injini ife. Lakini naweza kukosea, na likifa ndiyo limekufa. Ni gari lenu, riziki yenu. Ukisema hapana nitatafuta njia nyingine.”

Susana hakufikiri hata kidogo. “Life. Chuma kinatafutwa. Boniphace mwingine nitamtoa wapi?”

Habari ilitembea upesi kuliko redio. Jua lilipofika utosini ukingo wote wa korongo ulikuwa umejaa watu, sungusungu na mishale yao, wanawake na ndoo za mahindi ambazo sasa wanazipeleka mbali kusaga. Mniko, kamanda wa sungusungu, alikuwa ameshatangaza kwamba leo watu wataona kwa macho yao jinsi mwizi alivyovuka. Kamba nene ilifungwa nyuma ya pikapu, upande wa pili ikafungwa kwenye Landrova ya polisi iliyosimama juu ya ukingo, Mbwana kwenye usukani.

“Fundi,” alisema Dafroza kwa sauti ya kusikika, “mimi siamini kwamba kuna gari linaweza kupita humu.”

Lukas alicheka kwa dharau tamu. “Panda, afande. Funga mdomo usije ukameza nzi.”

Aliwasha. Injini ikashika kwa kishindo, moshi mweusi ukapaa, na chini ya mngurumo Dafroza akausikia: fyuuu, fyuuu. Alimtazama Lukas. Lukas alikuwa ameinamisha sikio kidogo, kipaji cha uso kimekunjamana, lakini watu walikuwa wanampigia makofi, na mtu wa namna yake hawezi kushuka kwenye gari huku anapigiwa makofi. Akatia gia.

Maji yalipanda magurudumu, yakagonga bampa, yakafunika taa. Ya baridi yakaingia mlangoni na kuzoa miguu ya Dafroza, viatu vya serikali na soksi zake. Gari lilisonga! Mbele, mawimbi ya kahawia yakijikunja kwenye boneti, bomba likivuta pumzi juu ya vichwa vyao, na kwa kitambo kifupi alijisahau kabisa, akataka livuke, akapiga dashibodi kwa ngumi kama mtoto kwenye mashindano ya ng'ombe.

Kisha mluzi ukageuka. Ukawa kama mtu anayesukutua mdomo. Gari likatikisika, likakohoa moshi mweupe, na mkono wa Lukas ukaruka peke yake ukavuta kitufe cha kuzimia. Injini ikanyamaza.

Walikuwa katikati kabisa ya korongo. Kamba ilikazika nyuma yao ikawashika.

Halafu ukingo mzima ukaangua kicheko.

“Fundi, limekunywa chai!” alipaza mtu. “Liongeze sukari!”

“Mpeni mtumbwi!” akaitikia mwingine.

Mniko, kamanda wa sungusungu, hakucheka. Alikuwa ameduwaa, anatazama bomba, anatazama maji, na Dafroza aliona hesabu inakamilika kwenye uso wake. Kama gari la Boniphace limefia hapa mchana kweupe, mikononi mwa fundi wake mwenyewe, basi Boniphace hakuiba mashine yao.

Lukas alikuwa ameshika usukani kwa nguvu. Shingo ilikuwa imemjaa mishipa.

“Pole, fundi,” alisema Dafroza kwa upole kabisa. “Kumbe ni bomba la maonyesho. La kupigia picha. Mimi nilishangaa, eksozi ya trekta na kopo la mafuta ya kupikia, litavushaje mtu?”

“Si bomba!”

“Sasa nini? Watu wote wameona.”

“Ni mpira! Ni mpira wa chini, afande, tyubu hii inapasukaga, nilimwambia Boniphace ailete niibadilishe!” Alifungua dirisha, akatoa kichwa nje, akapaza sauti kwa wale wanaomcheka. “Ni mpira tu! Mnacheka nini, mnajua nini nyie? Ile ya Magige niliweka mpira wa rejeta ya trekta na klipu za chuma, ikapita humu humu na mzigo mgongoni, maji yamefika kwenye kioo, na haikukohoa hata mara moja!”

Kicheko kilikatika upande mmoja wa ukingo, kikaendelea kidogo upande wa pili, nako kikafa.

Lukas alibaki na kichwa nje ya dirisha. Alikuwa amesikia alichosema, sekunde moja nyuma ya kila mtu mwingine.

“Magige,” alisema Dafroza. Alikuwa anajitahidi sauti isitetemeke, kwa maana alitaka kupiga vigelegele. “Mfanyabiashara, wa Mukendo, kulekule Musoma. Mwenye Landrova kubwa isiyokuwa na bomba lolote. Au bomba lake linafunguka, fundi? Unalivalisha usiku, unalivua asubuhi?”

Lukas aliingiza kichwa polepole.

“Na humu lilipita na mzigo lini? Korongo hili lilikuwa kavu mpaka usiku wa wizi.”

Fundi alitazama mlango wa upande wake. Nje ya mlango kulikuwa na maji yanayokimbia, na kingo zote mbili zilikuwa na watu wenye mishale. Akauachia usukani, mikono ikamwangukia mapajani.

Juu ya ukingo Mbwana alikuwa ameshuka kwenye Landrova ya polisi. “Afande!” aliita. “Niwavute?”

Karibu naye alisimama Susana. Hakuwa analia. Alikuwa amejishika kifua kwa mikono miwili, macho hayako kwa Lukas wala kwa gari lake lililozama, yako kwa Dafroza, yanangoja neno.

Dafroza alitoa nusu ya mwili dirishani, akakinga mdomo kwa viganja.

“Usituvute! Fungua kamba hapo kwenye gari, ikaze kwenye mti! Halafu mchukue Susana, uende naye Bunda sasa hivi! Mwambie mkuu wa kituo kijiji kizima kimesikia, kamanda Mniko ni shahidi, faili la Boniphace lifungwe, nitasaini mimi! Umtoe, Mbwana! Usirudi bila yeye!”

“Na nyinyi huko majini?”

“Sisi tuko sawa!”

Mbwana hakuuliza mara ya pili. Wanaume wakaikaza kamba kwenye mti, na Susana alikuwa ameshapanda kabla koplo hajafika mlangoni, anapiga paa la gari kwa kiganja, twende, twende. Wanawake wa Mugeta walipiga vigelegele mpaka Landrova ya polisi ikapotea kwenye miti ya barabara ya Bunda.

Dafroza alirudi kitini. Alivua viatu, akamwaga maji yaliyomo, akaviweka juu ya dashibodi vikauke, na kuikunja miguu kwenye kiti kama mtu aliye sebuleni kwake.

“Haya, fundi,” alisema. “Gari halina pa kwenda na sisi hatuna haraka. Tuanze na Magige.”